Kuseti taimingi ya injini za Toyota 5A-FE na 4A-FE baada ya kubadilisha vali sili, isije ikaruka jino

Gari ilikuwa inatoa moshi wa bluu kila asubuhi, ukanunua vali sili mpya (vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye vali), zikafungwa zote 16, kava ya tapeti ikarudi mahali pake, sasa unapiga stata na gari inawaka kwa kulazimishwa, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, ukikanyaga mafuta inakohoa kwenye intake na kilima kidogo tu kinaishinda. Hapo ndo utasikia watu wanaanza kusema sili ulizonunua ni feki, mwingine atakwambia hedi imeharibika, mwingine atataka ubadilishe plagi na pampu ya mafuta, na hela inaendelea kutoka. Mara nyingi sana sili hazina kosa lolote, ila wakati wa kurudisha belti taimingi, yani mpangilio wa vali kufunguka kwa kufuata pistoni, imeruka jino moja, jino moja tu, na hiyo inatosha kuharibu kazi nzuri ya siku nzima.

Kinachoniuma ni kwamba hii kitu inazuilika kabisa, na inazuilika mwanzoni kabla hujafungua bolti hata moja. Taimingi unaiseti wakati wa kufungua. Wakati wa kufunga unarudisha tu kile ulichokiwekea alama, na kama hukuweka alama basi unakisia.

Naongelea zile injini za Toyota familia ya A zenye kemshafti mbili (shafti za juu zinazofungua vali), belti na distributa (kigawa moto wa plagi), yani 5A-FE ya cc 1498 iliyo kwenye Corolla 100 na 110 nyingi, 4A-FE ya cc 1587, na 7A-FE ya cc 1762 ambayo utaikuta kwenye Carina, Caldina na Premio za mwanzo. Bado zipo nyingi barabarani Tanzania na Kenya, zimezeeka, na sili za vali ni mpira, mpira ukipigwa na joto miaka yote hiyo unakuwa mgumu unapasuka, kwa hiyo hii kazi itaendelea kufanyika sana.

Kwanza kabisa hakikisha ni sili kweli. Sili zikifa moshi unatoka pale gari imelala usiku kucha ukaiwasha asubuhi, linatoka wingu halafu linakata, au umeshuka mteremko mrefu umeachia mafuta halafu ukakanyaga tena, nyuma kunafuka. Kama moshi ni wa muda wote na unazidi ukiwa na mzigo, hizo ni ringi, na sili mpya hazitakusaidia. Pima kompresheni kabla ya kufungua na uandike namba za silinda zote nne kwenye karatasi, hizo namba utazihitaji tena baadaye, utaona kwa nini. Injini nzima ya aina hii ikiwa nzuri inacheza kwenye psi 190 hivi, ikishuka chini ya 142 hiyo imechoka, na silinda moja isiachane na nyingine kwa zaidi ya psi 14.

Vifaa sio vingi: soketi za kawaida, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm), fila geji (vibati vya kupimia nafasi), kifaa cha kubania springi za vali, taimingi laiti, rangi ya kucha nyeupe au ya rangi yoyote inayoonekana, trei ya mayai, na bolti moja ndogo ya milimita 6 yenye uzi wa 1.0 na urefu kati ya milimita 16 na 20. Hiyo bolti ndogo usiidharau, nitaielezea hapo chini.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe imepoa kabisa, terminali hasi ya betri toa, plagi zote nne toa ili injini izunguke kirahisi kwa mkono. Toa kava ya tapeti na kava za juu za belti. Weka soketi kwenye bolti kubwa ya puli ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na uzungushe kufuata mshale wa saa, ukiwa umesimama upande wa belti unaitazama injini. Zungusha hadi ule mkato kwenye puli ukae sawasawa na 0 kwenye kava ya chini. Hapo watu wengi wanasema tayari pistoni namba 1 iko topu (juu kabisa), na ni kweli iko topu, lakini bado hujajua ni topu ipi. Krenki inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kemshafti, kwa hiyo mkato utafika kwenye 0 mara mbili, mara moja pistoni namba 1 imebana hewa na mara nyingine inamalizia kutoa moshi wa eksozi. Tunataka ile ya kubana. Utajuaje? Angalia puli kubwa ya juu, ina kitundu kidogo, na nyuma ya kile kitundu kuna alama kwenye kofia ya kwanza ya kemshafti. Ukichungulia kwenye kitundu ukaiona alama iko katikati, upo sahihi. Kama kitundu kiko upande wa pili, zungusha krenki raundi moja kamili uangalie tena. Hakikisha pia kwa kushika tapeti (vikombe vilivyo kati ya kemshafti na vali) za silinda namba 1, zote zinatakiwa ziwe huru, kemshafti haijazikandamiza.

Hapo ndo unatoa rangi ya kucha. Piga mstari mwembamba toka kwenye jino la puli ya juu kwenda kwenye belti, na mwingine toka puli ya juu kwenda kwenye hedi. Fungua kifuniko cha distributa uone rota (kile kinachozunguka ndani yake) inaangalia wapi, inatakiwa iangalie kituo cha waya wa plagi namba 1, weka alama kwenye bodi ya distributa pale rota inapoelekea, na alama nyingine inayounganisha bodi ya distributa na hedi. Piga picha na simu, piga nyingi, kwa karibu na kwa mbali. Andika namba kwenye waya za plagi. Hii yote haichukui hata robo saa na ndo robo saa yenye thamani kuliko zote kwenye kazi hii.

Kutoa belti kuna njia mbili. Wengine wanalegeza tenshena (puli inayoikaza belti) tu, wanaichomoa belti kwenye puli ya juu na kuiacha inaning'inia, wanaifunga na kamba ili isiruke kwenye puli ya krenki. Inafanya kazi kama huzungushi krenki kabisa. Lakini kama unabadilisha sili bila kutoa hedi itakubidi uzungushe krenki katikati ya kazi, na belti inayoning'inia hapo itakusumbua na kudondokewa na oili. Mimi nashauri toa yote, puli ya krenki itoke, kava ya chini itoke, belti itoke. Utapata nafasi ya kuona puli ndogo ya krenki ina alama yake inayokutana na alama ya kwenye bodi ya oil pampu, hii ni sahihi kuliko mkato wa puli ya nje maana zile puli za nje zina mpira katikati na gari za zamani mpira wakati mwingine umeshateleza, alama inakudanganya. Na ukishafika hapo angalia umri wa belti, gari nyingi zilizotoka Japan zina stika inayoonyesha ilibadilishwa kilomita ngapi. Kama hujui historia yake weka mpya, bei yake ukilinganisha na kazi ya kufungua tena ni ndogo. Angalia na sili ya mbele ya kemshafti na ya krenki, kama zinatoa jasho la oili badilisha saa hiyo hiyo, oili ikigusa belti inaila.

Kemshafti zinatoka kwa mpangilio. Kwenye injini hizi belti inavuta kem ya eksozi, na kem ya eksozi inazungusha ya intake kwa gia zilizo ndani ya hedi. Gia ya kem ya intake imetengenezwa mbili kwa moja, kuna gia kuu na gia nyembamba pembeni yake yenye springi ndani, kazi yake ni kuondoa mlio wa meno. Ukiitoa kem ya intake bila kuifunga ile gia nyembamba, springi inajirusha, meno ya gia mbili hayalingani tena, na kurudisha itabidi uibane kwenye vaisi uizungushe kwa nguvu. Ndo maana ya ile bolti ya milimita 6, kuna tundu lake kwenye gia, unaifunga pale gia mbili zikiwa bado zimelingana, baada ya hapo unaweza kuitoa kem kwa amani. Anza na ya intake. Legeza bolti za kofia kidogo kidogo kwa zamu, sio moja unaimaliza ndo unaenda nyingine, maana kem ikiinuka upande mmoja inaweza kuvunja sehemu yake ya kukalia kwenye hedi, na hapo umeingia hasara ya hedi nzima. Kofia zina namba na mshale, mshale unaangalia upande wa belti, zipange kama zilivyotoka. Vikombe vya tapeti na shimu zake (vile vidude bapa vya kurekebisha nafasi) weka kwenye trei ya mayai, kila kimoja na tundu lake, andika pembeni intake na eksozi, silinda 1 hadi 4. Usivichanganye kabisa.

Sili zenyewe nitapita haraka. Unaweza kuzibadilisha hedi ikiwa palepale, unazuia vali isidondoke kwa kuingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi au kwa kushindilia kamba laini ya nailoni kwenye silinda halafu unapandisha pistoni taratibu hadi igome. Kama unatumia hewa hakikisha pistoni iko topu kabisa, isipokuwa hivyo hewa inaisukuma chini na krenki inazunguka yenyewe, vidole vitaumia. Bana springi, chukua vile vipande viwili vidogo vinavyoishika kwa sumaku, toa sili ya zamani kwa koleo, paka oili sili mpya, isukume imenyooka hadi ikae. Sili za intake na za eksozi hazifanani, kwenye seti nyingi zimetofautishwa kwa rangi, soma pakiti. Ukimaliza kila vali gonga kichwa chake kidogo na nyundo ya plastiki uone kama vile vipande vimekaa.

Linalohusu taimingi hapa ni hili: pistoni 1 na 4 zinapanda pamoja, 2 na 3 zinapanda pamoja. Kwa hiyo ukimaliza 1 na 4 utazungusha krenki nusu raundi kufanya 2 na 3. Hamna shida, kemshafti zimetoka, vali zote zimefungwa. Ila ukimaliza rudisha krenki kwenye alama yake ya oil pampu kabla ya kugusa kitu kingine. Na usijichanganye kujiuliza hii topu ni ya kubana au ya kutoa eksozi, maana belti na kem zikiwa nje swali hilo halipo, krenki iko topu basi, kemshafti ndo itakayoamua ni ipi.

Sasa tunarudisha kem na hapa pana mtego unaowakamata hata watu wenye uzoefu. Gia za kem mbili zina alama za aina mbili. Kuna alama za kufungia, ambazo unazikutanisha wakati unalaza kem ya intake juu ya hedi, na kuna alama za topu, ambazo zipo kwa ajili ya kuhakikisha baadaye. Mtu anaona alama, anazikutanisha, anafunga kofia, kumbe amekutanisha za topu wakati wa kufunga. Kem ya intake inakuwa imehama, na belti hata uifunge vizuri vipi gari haitakaa sawa, na utabadilisha belti mara tatu bila kujua tatizo liko ndani chini ya kava ya tapeti. Kwa hiyo laza kem ya eksozi kwanza, paka oili, paka silikoni kidogo kwenye kofia ya mbele, weka sili mpya, funga kofia kwa zamu hadi 13 Nm. Halafu zungusha kem ya eksozi kwa spana kwenye ile sehemu yake yenye pembe sita, iweke pale pini yake inapokuwa juu kidogo ya usawa wa hedi, laza ya intake ukikutanisha alama za kufungia, funga kofia kwa zamu vilevile. Toa ile bolti ya milimita 6, usiisahau humo ndani. Kisha zungusha kem ya eksozi hadi pini iangalie juu, na hapo sasa ndo unatazama zile alama za topu kwenye gia zote mbili, zinatakiwa zikutane zenyewe. Zikikutana upande wa kem umemaliza. Zisipokutana toa ya intake urudie, usisogee mbele.

Pima nafasi ya tapeti na fila geji ukiwa hapo, injini ya baridi. Intake iwe kati ya 0.15 na 0.25 mm, eksozi inakuwa kubwa kidogo zaidi ya hapo. Kama hedi ilitoka ikaenda kusagwa vali nafasi zitakuwa zimepungua, itabidi utafute shimu nyembamba. Vali isiyofunga vizuri inatoa dalili zinazofanana sana na taimingi mbovu, ndo maana naitaja.

Belti. Puli ya juu funga kwenye kem, ushike ile pembe sita kwa spana, toki 59 Nm. Kitundu kitazame alama ya kofia ya kwanza. Krenki kwenye alama ya oil pampu. Tenshena isukume hadi mwisho wa kulegea na uibane pale kwa muda. Sasa valisha belti ukianzia chini kwenye krenki, panda na ule upande usio na tenshena, uvute uwe umenyooka kabisa bila ulegevu, valisha puli ya juu, ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Hapa ndo jino linaporukwa. Mtu anavalisha belti upande ule wa mvuto ukiwa umelegea kidogo tu, alama zote zinaonekana ziko sawa, anaachia tenshena, tenshena inavuta, ule ulegevu unaisha kwa puli ya juu kuzunguka kidogo, na taimingi imeshahama. Kwa macho usiamini bado. Kama unarudisha belti ya zamani ile mistari ya rangi itakusaidia, ila kama ni mpya unaweza kuzilaza mbili pamoja ukahamishia alama kwa kuhesabu meno.

Legeza bolti ya tenshena springi yake iivute belti. Halafu zungusha krenki kwa mkono, kufuata saa, raundi mbili kamili, polepole. Ukisikia kitu kimegoma usilazimishe, simama utafute. Injini hizi za 4A-FE na 5A-FE zinajulikana kwamba vali na pistoni hazigongani, lakini zipo injini nyingine nyingi ambazo zinagongana, kwa hiyo mkono wako uzoee kusikiliza. Baada ya raundi mbili rudi kwenye alama, kitundu cha juu na alama ya chini vyote viwe sawasawa. Ukipitiliza alama usirudishe nyuma, maana ukirudisha ulegevu unahamia upande mwingine na unasoma uongo, endelea mbele raundi mbili nyingine. Vikikaa sawa funga bolti ya tenshena 37 Nm, na sukuma belti kwa kidole upande mrefu, ibonyee milimita 5 hadi 6 kwa nguvu ya kilo 2 hivi. Kama alama ya juu imeachana kwa nusu jino hivi na hedi iliwahi kuchongwa, usishtuke, hedi ikichongwa kem inashuka karibu na krenki na alama inasogea kidogo. Ikiachana jino zima, toa belti.

Rudisha kava, puli ya krenki 118 Nm. Tafadhali usiifunge puli hii kwa kukisia, ikilegea inakula kichwa cha krenki na hiyo haitengenezeki kirahisi.

Distributa irudi kwenye alama zake, rota iangalie waya wa namba 1 wakati injini iko topu ya kubana. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Ukiona rota inaangalia waya namba 4 ujue uko raundi moja nje, na gari haitawaka hata ukeshe nayo, itapiga tu mlipuko kwenye intake.

Washa. Moshi utatoka mwanzoni, usiogope, kuna oili ya zamani ndani ya eksozi inaungua, iache ipate moto hadi ikate. Wakati huo chungulia kama kuna kuvuja na sikiliza upande wa belti.

Injini ikipata moto vizuri tunaingia kwenye taimingi ya moto wa plagi, na hii ni kitu tofauti na ya belti japo watu wanaita yote taimingi. Karibu na betri au ukuta wa nyuma kuna kiboksi chenye kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua, ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu, tafuta TE1 na E1, uyaunganishe kwa kiwaya kifupi. Soma mchoro mara mbili, ukiunganisha matundu mengine unaweza kuunguza kitu. Kazi ya hicho kiwaya ni kuiambia kompyuta ya gari iache kujiongezea taimingi yenyewe. Bila kukiweka unachokisoma kwenye laiti ni hesabu za kompyuta, sio mahali distributa ilipo, na utaseti kitu cha uongo halafu ukishangaa kwa nini gari inagonga. Klipu ya laiti kwenye waya wa plagi namba 1, zima eyasi (AC) na taa, silensa ya kawaida, mulika puli ya chini, mkato uonekane kwenye digrii 10 kabla ya topu. Kama haupo legeza bolti ya distributa, zungusha kidogo sana hadi ufike, funga, mulika tena maana wakati wa kufunga huwa inasogea. Toa kiwaya, utaona mkato umesogea mbele na unachezacheza, hiyo ni kompyuta imerudi kazini.

Wapo wanaopenda kuipeleka 14 au 16 ili gari iwe nyepesi. Itakuwa nyepesi kweli ukiwa peke yako kwenye tambarare, ila ikibeba watu watano ikakutana na mlima utasikia inagonga chini, na ule mlio ni pistoni zinapigwa. Acha 10.

Na hapa ndo nataka nisisitize kuliko mahali popote. Kama ili gari isimame vizuri imekubidi uzungushe distributa hadi mwisho wa tundu lake, au 10 haipatikani kabisa, simama. Belti yako imeruka jino na wewe unaificha kwa distributa. Distributa inahamisha cheche tu, haiwezi kuhamisha muda wa vali kufunguka. Gari itatembea, ndio, mteja ataondoka, lakini itakula mafuta na haitakuwa na nguvu, na sili zitalaumiwa. Toa karatasi yako ya kompresheni upime tena. Silinda zote nne zikiwa zimeshuka kwa pamoja kuliko ulivyoandika mwanzo, hiyo ni kem haiko mahali pake. Ikishuka moja tu, hiyo ni vali haijakaa au shimu imebanwa. Ukiwa na geji ya vakyumu unapata jibu haraka zaidi, kwenye silensa injini nzuri Dar au Mombasa inasoma inchi 17 hadi 21 na sindano imetulia, ikisoma chini sana ya hapo imetulia vilevile mara nyingi ni taimingi imechelewa. Ila kumbuka kila mita 300 ukipanda juu unapoteza inchi moja hivi, kwa hiyo Nairobi kwenye mita 1,700 usitegemee kusoma kama Dar, ukiona 13 au 14 imetulia hiyo ni injini nzuri tu, usije ukafungua belti bure.

Kwa wenye injini za cheni kama 1NZ-FE za Vitz, Ist na Probox, kanuni ya alama na raundi mbili ni ileile ila vali na pistoni zinagongana, kwa hiyo raundi mbili za mkono ni lazima, na usizungushe krenki ovyo kem zikiwa zimefungwa na cheni haipo. Cheni ina pingili zenye rangi za kukutanisha na alama za gia, ukishazungusha raundi mbili zile pingili hazitarudi kwenye alama, zinarudi baada ya raundi nyingi sana, na wapo wanaoona hivyo wanafungua upya wakidhani wamekosea. Baada ya kuzungusha unatazama alama za gia na za puli, pingili ulishamalizana nazo. Na wenye Honda za zamani za D na B, hizo zinazunguka kinyume cha saa, ukizizungusha kama Toyota utasoma vibaya.

Kama kazi hii umempa fundi, mwombe kabla hajafunga kava ya belti akuonyeshe kile kitundu cha juu na alama ya chini baada ya raundi mbili za mkono, umulike na simu uone mwenyewe. Fundi mzuri atakuonyesha kwa furaha. Ukishaichukua gari, angalia oili kila asubuhi wiki ya kwanza, na ukifika kilomita 500 rudi mmulike distributa tena kwa laiti, na kuangalia kama kava ya tapeti imeanza kutoa jasho.